Shingo ya Baba Mkwe

Kabla sijajua lolote kuhusu shingo ya binadamu, niligombana kwa miaka mingi juu ya shingo ya ng'ombe. Nilikuwa nauza supu ya kichwa pale Ibighi, katika kibanda cha mbao chenye benchi mbili na sufuria moja iliyokuwa na heshima kuliko mwenye kibanda. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala barabarani, nilikwenda bucha kununua kichwa. Mwenye bucha alikuwa Mwislamu ambaye babu yake alipanda milima hii kutoka pwani, akaona mvua, akakosa nauli ya kurudi. Yeye mwenyewe alizaliwa Tukuyu na Kinyakyusa alikijua kuliko mimi, lakini ukimtajia bei ya chini aligeuka mgeni, hasikii lugha yoyote.

Ugomvi wetu haukuwa wa bei peke yake. Ulikuwa wa mpaka. Kichwa kinaishia wapi na shingo inaanzia wapi? Watu wengi hufa bila kuliuliza swali hilo, na hufa vizuri tu. Sisi tuliliuliza kila siku ya Mungu, kisu kikiwa katikati yetu. Kuna mfupa mmoja pale, wa kwanza kabisa wa shingo, umezungukwa na nyama laini inayofanya supu iwe supu. Yeye aliutaka ubaki kwenye shingo, kwa sababu shingo aliiuza kwa kilo. Mimi niliutaka ubaki kwenye kichwa, kwa sababu kichwa nilikinunua kizima kizima, hakipandi mizani.

"Mama, kichwa ni kichwa," alikuwa akisema. "Hiki ni kipande cha shingo."

"Si unaona kilivyoshika kichwa? Kilichoshika kichwa ni mali ya kichwa."

"Na kofia yangu imeshika kichwa. Utainunua pamoja na mimi?"

"Wewe nitakurudisha kesho yake. Huna nyama."

Siku nyingine alishinda yeye, siku nyingine nilishinda mimi, na wateja wangu walijua kwa kuonja. Lakini katika kugombana huko nilijifunza mfupa ule kama wengine wanavyojifunza Zaburi. Hauna umbo la pingili nyingine. Pingili nyingine zina kigogo mbele, kinene, cha kubebea uzito. Wa kwanza hauna kigogo, ni pete. Ukiushika mkononi utasema ni ngata, ile tunayokunja kwa majani makavu ya mgomba au kwa kitambaa na kuiweka kichwani chini ya mkungu wa ndizi. Juu yake una vijibakuli viwili, kushoto na kulia, na fuvu lina vifundo viwili nyuma yake vinavyokaa humo kama magoti ya mtu anayesali. Katikati ya vifundo hivyo kuna tundu, na katika tundu hilo unapita ule ugwe mweupe unaotoka kwenye ubongo kwenda mgongoni.

Pingili ya pili ndiyo yenye maajabu. Imeota jino. Jino moja, limesimama wima, linaingia ndani ya pete ya kwanza kama kigingi kwenye tundu, na limefungwa kwa kano ngumu zinazoudhi meno ya wateja. Nilihesabu pingili zote za shingo ya ng'ombe: saba. Nikahesabu tena, kwa sababu nilikuwa naishi kwa kuuza na kununua: saba. Mbuzi mwenye shingo fupi: saba. Nikahitimisha kwamba Mungu ni wa bei moja, hapunguzi wala haongezi, na ndiyo maana hakuja kufanya biashara Tukuyu.

Mwenye bucha hakuwahi kutumia shoka pale. Alikiinamisha kichwa cha ng'ombe, kama kinakubali jambo, mwanya ukafunguka kisogoni, akapitisha ncha ya kisu, kichwa kikatoka bila kelele. "Ni mlango, mama," aliniambia. "Ukijua ulipo, hauvunji. Ila mnyama akiwa hai, usiuguse mlango huo. Ukiupotosha kidogo tu, mwili wote unazimika."

Niliitikia, nikaomba anipunguzie, tukaendelea na maisha.

Maisha yenyewe yalikuwa ya ruksa. Kila kitu kiliruhusiwa miaka ile. Sabuni iliyokuwa inatafutwa kama mtu aliyepotea ilirudi dukani ikiwa imenenepa, ya rangi tatu. Nguo za mitumba zilimwagwa chini sokoni, na wazee wa kanisa wakaanza kuvaa makoti yenye nembo za timu za mpira wa theluji. Malori yalikuja kutoka Dar es Salaam kununua ndizi zetu, madereva wakatuambia bei ya huko chini ni mbaya, sote tukajifanya tumeamini. Na mabati yakaja. Zamani bati liliombwa kwa barua, na anayepata alikuwa ama ana cheo ama ana binamu. Sasa lilikuwa limeegemea ukuta wa duka, linasubiri yeyote. Nyasi ziliondolewa mapaani kwa haraka ya watu wanaoogopa serikali isije ikabadili mawazo.

Kitu kimoja tu hakikuwa ruksa, nacho ni mimi kumwona baba mkwe.

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze. Mke wa mtoto wako, mkamwana, hakutazami usoni. Hakusalimii. Hasemi jina lako. Akikuona unakuja njiani anaingia migombani mpaka upite, na wewe mwenye heshima zako unageuza uso upande wa pili kana kwamba huko kuna jambo la maana. Wazee wanaita ukutila, na maana yake ni kuogopa. Vijana waliosoma walisema mambo hayo yamepitwa na wakati, walisema hivyo mjini, kisha wakifika kijijini wake zao walikuwa wa kwanza kuingia migombani. Mimi nilikuwa nimeolewa muda mrefu wa kutosha kuzaa na kukosana, na baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi, kwa visigino na kwa mgongo wa koti lake. Ungeniletea picha yake ya mbele ningekuuliza huyu nani.

Basi baba mkwe akaamua kuezeka bati nyumba yake ya Mpuguso. Ilikuwa Jumamosi baada ya mavuno ya maharage, na majirani walikuja kusaidia kama ilivyo kawaida: wanaume juu ya paa, wanawake jikoni, na wasiopenda juu wala jikoni wakashauri. Mume wangu alikuwa mpakani Kasumulu akifuata nguo za mitumba. Mimi nilifunga kibanda nikaja kupika, na kwa kuwa mwenye mji alikuwa paani anaona kila kitu, nilipika nyuma ya nyumba nikiwa nimejibanza kati ya migomba kama mwizi wa mikungu.

Baba mkwe hakuwa na sababu yoyote ya kupanda. Mafundi walikuwepo, vijana walikuwepo, umri wake ulikuwepo pia. Lakini bati lilikuwa lake, na mtu aliyesubiri bati tangu enzi za barua hawezi kuliangalia kutoka chini. Akapanda na nyundo yake. Mvua nyepesi ikaja, ile yetu isiyotoa taarifa. Bati jipya likilowa huteleza kama samaki, jambo ambalo nyasi hazikuwahi kumfundisha. Nilisikia mkwaruzo mrefu, kisha kishindo, kisha nyundo ikafuata peke yake.

Aliangukia kisogo na bega. Nilimwona kwa kupenya kati ya majani: amelala chali kwenye tope, uso umelowa, macho wazi. Wanaume walishuka, wakamzunguka, na kama kawaida ya wanaume waliomzunguka mtu, kila mmoja akashika kipande. Mmoja kwapa, mwingine miguu, wa tatu akasema apewe maji. Kichwa hakuna aliyekishika. Kilikuwa kimeegemea upande mmoja, na walikuwa tayari kukiacha kifuate mwili kama ndoo inavyofuata kamba.

Hapo ndipo nilipouona mfupa wangu wa kila asubuhi. Kama lile jino la pingili ya pili limevunjika, nikawaza, hakuna tena kinachoizuia pete kuteleza, na anayekaa ndani ya pete ni ugwe. Wakimwinua hivyo, mlango utafunguka mtu akiwa hai.

Mama mkwe alikuwa karibu yangu ameshika mwiko. Sauti ya mkamwana nayo hairuhusiwi kumfikia mkwe, kwa hiyo nilimtumia yeye.

"Mama, waambie wasimwinue."

"Mkamwana anasema msimwinue," mama mkwe akapaza sauti.

Aliyejibu alikuwa jirani yetu mmoja, mzee fundi wa shingo. Usicheke, ni kazi. Wanawake wetu hubeba mikungu kichwani kutoka mabondeni mpaka barabarani, na shingo zao hukaza. Huyu mzee alikuwa akikanyaga bega, anashika kichwa, anavuta na kukizungusha, kinalia, mwanamke anainuka amepona na kutoa kuku. Alikuwa ameponya nusu ya Mpuguso. Na kwa mtu aliyeponya nusu ya Mpuguso, shingo zote zimekaza kwa mzigo. Hakuwa na aina nyingine ya shingo ghalani.

"Mkamwana yupi?" akauliza. "Huyo aliye nyuma ya mgomba? Mwambieni mgomba hauna cheti cha udaktari."

"Mwambie na yeye aonyeshe chake," nikamwambia mama mkwe.

Hilo mama mkwe hakulifikisha. Mama mkwe wangu alikuwa kama posta, aliamua mwenyewe barua ipi ifike.

"Basi muulize baba kama anasikia vidole vya miguu."

Hilo alilifikisha. Mtu mmoja akambana vidole. Tukasubiri. Sauti ya baba mkwe ikatoka chini kwenye tope, nyembamba lakini imekamilika: "Nasikia. Na kelele zenu nazisikia."

Kwa hiyo ugwe ulikuwa mzima. Mpaka dakika ile alikuwa bado na mikono yake, miguu yake na pumzi yake, na kuvipoteza vyote kulihitaji msaada mmoja tu wa jirani mwema. Na jirani mwema alikuwa amevua koti. Akamkalisha mtu mmoja juu ya miguu ya mzee, akaweka unyayo wake begani, akainama, akamshika taya na kisogo.

"Shingo imeingia ndani," akatangaza. "Inavutwa mara moja tu, inarudi."

"Mama, mwambie aache."

Mama mkwe akasema. Fundi hakuacha. Mama mkwe akasema tena, sasa akilia, na ukilia watu hawasikilizi maneno, wanasikiliza kilio.

Nikatoka migombani.

Watu walishtuka kuliko walivyoshtuka mkwe wangu alipoanguka. Nilikuwa nimejitanda kanga mpaka machoni, na kwa kuwa nilikuwa naona ardhi tu nilimkanyaga fundi wa shingo mguu uliokuwa begani kwa mkwe wangu. Sitasema ilikuwa bahati mbaya. Akarudi nyuma. Nikapiga magoti kichwani kwa baba mkwe, nikaweka viwiko chini kwenye tope, nikakishika kichwa kwa viganja viwili, vidole nyuma ya masikio, nikakibakisha pale pale kilipokuwa, bila kukinyoosha wala kukivuta.

"Shikamoo, baba," nikasema. Ilikuwa salamu ya kwanza ya ndoa yangu, na sikujua adabu inataka nini kingine mtu akiwa amelishika fuvu la mkwewe.

Hakuitikia. Alifumba macho, na nikamshukuru, maana mmoja wetu alikuwa amebaki na heshima.

"Huyu ameharibu mji," alisema fundi wa shingo akipangusa mguu. "Mimi mkono wangu siuweki tena hapo."

"Ndaga," nikamwambia, yaani asante. Ilikuwa asante ya kweli.

Mikono ikiwa imefungwa, mdomo ulibaki huru, na mama mkwe akaacha kuwa posta. Sasa niliwaambia mwenyewe. Waling'oa mlango wa zamani wa nyumba, wakaulaza kando yake, wakamviringisha wote kwa pamoja, kichwa, mabega na kiuno kama gogo moja, mimi nikihesabu mpaka tatu. Walianza kwenye mbili. Nikawarudisha, nikahesabu upya.

Gari lililokuwa karibu lilikuwa pikapu iliyokusanya ndizi za lori la Dar. Kijana mwenye pikapu alishusha mikungu yake njiani kwa uchungu wa mtu anayeshusha watoto. Tukaupandisha mlango nyuma, mama mkwe akashika miguu, mimi nikabaki na kichwa. Majani makavu ya mgomba tuliyasokomeza kila upande.

"Nipunguzie," nikamwambia dereva kabla hajawasha.

"Mama, nimeshasema sitaki nauli."

"Sizungumzii nauli. Mwendo."

"Lori linaondoka saa nane."

"Na wewe utafika saa tisa. Ndizi zako ni mbichi, zitasubiri. Huyu ameiva."

Tulipatana pale pale, gia ya kwanza mpaka barabara kuu, ya pili baada ya hapo. Ni mara pekee katika maisha yangu niliyobembeleza nipewe kidogo. Njia ya kutoka Mpuguso mvua inaponyesha si njia, ni maoni ya mtu. Kila shimo nililihesabu mara mbili, kwa kuwa gurudumu la mbele lililipita na la nyuma nalo halikutaka kupitwa. Kila mara nilikaza mikono, nikamsikia akivuta pumzi kupitia meno.

Tulikuwa tumekwenda kitambo ndipo aliposema, macho bado yamefumbwa.

"Mkamwana."

"Abee, baba."

"Marahaba."

Tukapita shimo.

"Unanishika kama unashika kichwa cha supu."

"Kichwa cha supu hakilalamiki, baba."

Mama mkwe, kule miguuni, akageukia mlima Rungwe kana kwamba hajausikia mlima huo ukitajwa maishani.

"Wanasema nini huko nje?" baba mkwe akauliza. "Watanicheka?"

"Watacheka. Baba unaumwa wapi?"

Nikahisi kichwa kinataka kutikisika kusema hapana popote, ule ujeuri wa wanaume. Nikakikaza. "Usitikise, baba. Hapana iseme kwa mdomo."

"Nyuma ya shingo," akasema. "Juu kabisa. Kama kuna msumari."

Hospitalini Tukuyu walimfunga kola nene, wakaweka mifuko ya mchanga pande mbili za kichwa. Tabibu aliniuliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikamwambia. Naye alikuwa mtu wa huku huku, kwa hiyo aliangalia pembeni kwa niaba ya mgonjwa, halafu akasema ningeweza kuachia sasa. Vidole havikufunguka mpaka muuguzi alipovifungua kimoja kimoja. Jioni ile ile walimpeleka Mbeya.

Mume wangu aliporudi kutoka mpakani tulikwenda Mbeya sote. Mimi nilikaa korido, nyuma ya mlango, nimerudi migombani. Daktari alitoka na picha yenye kivuli cha mifupa, akainyanyua kwenye dirisha. Nikaiona pete yangu. Chini yake jino, na kwenye shina la jino mstari mwembamba kama ufa wa kikombe.

"Limevunjika hapa," akasema, "lakini halijahama. Kichwa cha mtu kimekaa juu ya pete hii. Hapa chini ya fuvu kuna vifundo viwili vinabembea kwenye vibakuli vya pete, mbele na nyuma. Ndipo mtu anapoitikia ndiyo. Halafu pete nayo, pamoja na kichwa, inazunguka kwenye jino la pingili ya pili. Hapo ndipo anaposema hapana."

"Kwa hiyo ndiyo na hapana hazikai nyumba moja," nikasema.

"Zinapakana ukuta."

Nilimuuliza kwa nini tundu la ng'ombe liko nyuma ya fuvu na hili liko chini, karibu na katikati. Akaniangalia, kisha akajibu bila kuuliza nimeonea wapi. Kichwa cha ng'ombe kinaning'inia mbele ya mwili kama mkoba ukutani. Cha mtu kimetuliwa juu ya mwili, uzito wa mkungu mdogo, na chini yake lazima kuwe na kitu cha kukisawazisha. Nikamwambia sisi tunaita ngata. Akacheka, akasema mwalimu wake alisumbuka sana kuwaelewesha jambo hilo na hakuwahi kubeba ndizi. Kisha akasema lililotuleta. Kama kichwa kingezungushwa siku ile, pete ingeteleza mbele pamoja na kipande cha jino, ugwe ungebanwa, na mzee asingefika hata barabarani, kwa sababu pumzi nayo inapita humo.

Mume wangu alikaa chini. Mimi nilihesabu pingili kwenye picha. Saba. Nikarudia.

Matibabu yenyewe yalikuwa dhihaka. Walimbana fuvu kwa koleo la chuma, wakafunga kamba, kamba ikapita kwenye kigurudumu kichwani mwa kitanda, na mwisho wa kamba wakaning'iniza uzito. Baba mkwe akalala hapo wiki nyingi akivutwa. Na nani alikuja kumtazama wa kwanza kutoka kijijini? Fundi wa shingo, na kuku mkononi. Alisimama mlangoni mwa wodi, akaifuata kamba kwa macho mpaka mwisho wake, akarudi nayo mpaka mwanzo.

"Si nilisema avutwe?" akauliza wodi nzima.

Muuguzi alimweleza kwamba huku ni kwa mstari ulionyooka, taratibu, bila kuzungusha, ili mfupa uungane. Hakusikia. Aliondoka Mbeya akiwa fundi aliyethibitishwa na hospitali ya rufaa, na bei yake ikapanda kutoka kuku mpaka jogoo. Hiyo nayo ilikuwa ruksa.

Baada ya kamba walimvika plasta kutoka kidevuni mpaka kifuani, na baada ya plasta walimruhusu arudi kwenye nyumba yake mpya ya bati, ambayo mafundi walikuwa wameimaliza bila ushauri wake na ikatoka nzuri. Alikuwa anatembea. Mikono ilishika kikombe. Jino lilikuwa limeunga, lakini pale kwenye kuzunguka pamekaza, na daktari alisema pasingelegea. Aliweza kuinamisha kichwa na kukiinua. Kugeuza, hapana. Akitaka kutazama kando, alizunguka mwili mzima kuanzia kiunoni, kama kabati linalohamishwa.

Ukoo ukaitisha kikao. Nilijua kitakuja, mzee akiwa mahututi watu hawahesabu makosa, akipona wanahesabu yote. Walikaa uani juu ya vigoda wakiwa wamejibana kwenye kipande kikavu, baba mkwe katikati, ameupa mgongo mlango wa jiko. Mimi nilikuwa ndani ya jiko hilo na moshi.

Walisema mkamwana amemshika mkwe kichwa mbele za watu. Kichwa, si mkono. Amezungumza naye garini, na mama mwenyewe ni shahidi. Mmoja akasema ni mikono miwili, kwa hiyo ni makosa mawili, na hapo nilitamani nitoke tupatane. Walitaka nirudishwe kwetu Kinyala mpaka baba yangu alete ng'ombe wa kuisafisha njia. Mume wangu akasema mke wake ndiye aliyeokoa uhai. Wakamwambia hilo hakuna anayelikataa, ndiyo maana ni ng'ombe mmoja tu.

Mkubwa wao akamgeukia baba mkwe. "Wewe ndiye mwenye kichwa. Unasemaje? Arudishwe?"

Baba mkwe alitaka kujibu kwa kichwa, kama desturi yake. Zamani ingemtosha kutikisa kichwa, mambo yakaisha, watu wakaenda kunywa chai. Sasa alishika kigoda kwa mikono miwili, akakanyaga chini imara, akaanza kugeuka. Kigoda kilikwaruza udongo. Magoti yake yakamgonga wa kushoto, akaendelea, akafika mwisho, akaanza kurudi upande wa pili, polepole, kiwiko kikachukua kikombe cha mtu, kikamwagika. Kulia kwake kulikuwa na nafasi zaidi, akapitiliza, akazunguka mpaka akatazamana na mlango wa jiko, na mimi mle ndani nimeshika sinia.

Nilimwona uso, safari hii bila tope. Ulikuwa wa kawaida kabisa, na nyusi za mume wangu.

Hakufumba macho. Wala mimi sikuwa na mgomba karibu.

"Hapana yangu siku hizi inataka nafasi," akawaambia wazee waliokuwa nyuma yake. "Sogeeni."

Wakasogeza vigoda.